Lori Lililoelekeza Pua Dar es Salaam

Kwa miaka kumi na tisa niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba ndani ya nchi ya Kongo, mbele kidogo ya Lubumbashi, kuna mji ambako bata haruhusiwi kuvuka barabara mpaka agongewe muhuri. Muhuri wenyewe ni wa zambarau, wa mviringo, unagongwa chini ya bawa la kushoto, na bata asiye nao anarudishwa alikotoka. Niliamini kwamba desturi hiyo ilianza kwa sababu ya hadithi ya watoto iliyoandikwa kwa mkono hapa Tunduma na mwalimu wangu wa masomo ya jioni, kwamba madaftari yake yaliangukia mikononi mwa watu wa mji ule, wakayasoma, wakayapenda mno, mpaka mkubwa wao akaamuru yaliyoandikwa humo yawe sheria. Habari hii niliisimulia kwenye harusi yangu mwenyewe. Niliisimulia msibani kwa jirani mpaka wafiwa wakaomba niende nikakae na wanaume nje. Wanangu wameilalia tangu wakiwa wachanga, na mmoja sasa anaota ndevu. Anayetaka kucheka acheke, lakini ajue kwanza kwamba niliamini kwa sababu nilikuwa na haja ya kuamini. Madaftari yale yalipotea mkononi mwangu.

Mwezi uliopita tulikutana nyumbani kwa Mwalimu Namwinga, Nanyala, alikohamia baada ya kustaafu. Wa darasa lile tulifika sita. Tulikalishwa kwenye sebule iliyojaa vitabu mpaka juu ya friji, tukaletewa ugali wa ulezi, kuku, majani ya maboga, na chikanda ya viazi-pori na karanga iliyokatwa vipande kama keki. Mwalimu amekuwa mdogo kuliko nilivyomwacha, au mimi ndiye nimenenepa, lakini macho ni yale yale: akikutazama unajihisi umeandika sentensi isiyo na kituo. Ameandika vitabu tisa vya watoto na viwili vya mashairi. Watoto wa jirani hawajui hata jina lake, wanamwita Bibi Bata, wanapita kwenye mibuni yake wakipiga kelele za bata, naye anawajibu kwa sauti hiyo hiyo kutoka jikoni bila kuacha kukoroga chungu. Nilipomsikia akiwajibu hivyo, mwaka wote ule wa masomo ya jioni ulinirudia, na harufu yake na vumbi lake.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nilikotoka na nilizaliwa na nani tuyaache, hayana mchango hapa. Kazi yangu ilikuwa kufunga maturubai ya malori pale mpakani, na ninasema bila kujisifu kwamba kati ya Tunduma na bandari hakukuwa na mtu aliyekaza kamba kama mimi. Upepo wa Tunduma unaweza kumvua mtu kofia, koti, na jina la ukoo, lakini turubai langu haukuliweza. Nilichokuwa sina ni cheti. Shule niliiacha kidato cha pili, na nilipochoka kuwekewa sahihi kwenye makaratasi na wenzangu wenye vyeti, nikajiandikisha masomo ya jioni. Tulisomea kwenye chumba cha darasa la pili la shule ya msingi, kuanzia saa kumi na moja mpaka saa mbili. Madawati yalikuwa ya watoto wa miaka minane. Ukikaa, magoti yanafika masikioni, na ukitaka kuandika unaandikia juu ya goti lako la kulia huku la kushoto likikuziba usione ubao. Ukutani kulikuwa na picha za wanyama na herufi, na chini ya picha ya ng'ombe alikaa Mama Sifa, aliyekuwa na kibanda cha chakula karibu na maegesho, ambaye kila jioni alikuja na chapati zilizobaki zimefungwa kwenye kitambaa, na kila jioni aliapa kwamba hazikubaki, amezipika kwa ajili yetu. Dirishani alikaa Mzee Halinga, mkulima wa kahawa wa kutoka Mbozi Mission aliyekuja mjini kukaa na binti yake. Alikuwa na miaka sitini na ushee. Mwalimu akiingia sote tunasimama, halafu yeye Mwalimu anakwenda moja kwa moja dirishani, anakunja goti kidogo, anasema, "Shikamoo baba," Mzee Halinga anajibu, "Marahaba mwanangu," kisha anakaa na kuwa mwanafunzi. Kwa muda wote uliobaki alinyoosha kidole kama sisi wengine, na akikosea aliambiwa amekosea.

Mwalimu Namwinga wakati huo alikuwa na kitabu kimoja tu, chembamba, cha mashairi ya watoto. Humo ndimo lilimo lile shairi la hindi, ambalo watoto wa Tunduma nzima walikuwa wakikimbia nalo barabarani: "Hindi lina ndevu ndefu, halijaposa popote." Mchana alifundisha darasa la tatu, jioni alitufundisha sisi, na katikati yake, kwa saa ambazo sijui alizitoa wapi, alikuwa akiandika hadithi ndefu. Ijumaa ilikuwa siku ya kusomewa. Hesabu zikiisha, alifungua daftari lake kubwa, akasoma sura moja, penseli mkononi. Nilidhani penseli ni ya kusahihisha maneno. Siku moja nilichungulia, nikakuta pembeni mwa mistari kumejaa vinukta.

"Mwalimu, hivi ni nini?"

"Hicho ni wewe," alisema. "Hapo ulipiga mwayo. Hiki ni Mama Sifa, alitazama mlango. Hapa Mzee alikuna goti."

"Sasa si uwasomee watoto? Hadithi ni yao."

"Watoto wananipenda, Osea. Nikiwasomea risiti watacheka. Nyinyi mmechoka. Aliyechoka hana adabu ya kucheka bure."

Hadithi yenyewe ilikuwa ya bata aliyelala Tunduma na kutaga Nakonde, upande wa Zambia. Kila asubuhi anavuka mpaka, anataga, jioni anarudi. Msichana wa huku, Tabu, anasema bata ni wangu, basi na mayai ni yangu. Mvulana wa kule anasema yai limezaliwa kwetu. Wanagombana, kisha bata anapotea, na inabidi wamtafute pamoja. Mtu wa Dar hawezi kuelewa jinsi jambo hilo lilivyotugusa. Nusu ya darasa ilikuwa na shangazi Nakonde. Mama Sifa mwenyewe alikuwa na ng'ombe wawili kule kwa kaka yake, na kila wakizaa kulikuwa na kikao.

Mwezi wa Agosti ulikuwa karibu kuisha. Mhariri mmoja wa Dar aliyependa yale mashairi alikuwa amemwandikia Mwalimu kwamba yuko tayari kuisoma hadithi, ila imfikie kabla mwezi haujaisha, maana baada ya hapo asingepokea tena mpaka mwaka wa pili. Mwalimu alishakataliwa mara mbili na watu wengine. Nilimsikia akimwambia Mama Sifa, wakikunja kitambaa cha chapati, "Hii natuma mara ya mwisho, dada. Wakiikataa narudi kusahihisha madaftari ya watu, basi." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesema kesho mvua haitanyesha. Hadithi ilikuwa imeenea kwenye madaftari manne makubwa, mwandiko wa mkono, bila kopi, kwa sababu mashine ya kopi ya pale sokoni ilikuwa mbovu tangu Pasaka. Akaanza kuulizia basi la kutuma kifurushi. Na mimi hapo ndipo nilipofungua mdomo.

"Mwalimu, basi la nini? Mimi nina madereva kama majani ya kahawa. Nikitoa mzigo wako asubuhi, kesho kutwa unanywa chai na mhariri."

Mzee Halinga akasema, "Mpe kijana. Mpakani ni nyumbani kwake." Mwalimu akayafunga madaftari kwenye salfeti, akashona mdomo kwa sindano ya magunia, akaandika jina la mhariri na namba zake za simu upande mmoja na jina lake na la shule upande wa pili. Jumanne asubuhi nikatoka nalo kifuani kama mama mwenye mtoto mchanga.

Hapa lazima nieleze jambo, maana mtu wa kwetu atanilaani na mgeni hataelewa kwa nini. Tunduma lori linasomwa kwa pua. Pua ikielekea Zambia, linaondoka nchini. Pua ikielekea Dar, linarudi. Huhitaji kuuliza dereva wala kusoma karatasi, mtoto wa miaka mitano anajua. Siku hizo foleni ya kwenda Zambia ilikuwa ndefu kiasi kwamba dereva aliyeingia mwisho wake akiwa kijana alifika getini akiwa na wajukuu. Asubuhi ile nikaliona lori jeupe, tela ndefu, limetoka kwenye foleni, pua Dar, injini inanguruma, linaanza kutembea. Nikakimbia sambamba nalo, nikarukia kwenye ngazi, nikapitisha salfeti dirishani. "Kaka, hii ya Dar, namba zimo juu yake!" Dereva alikuwa na uso wa mtu aliyetukanwa. Alitikisa kichwa bila kunitazama, akalisukuma salfeti chini ya kiti, akakanyaga mafuta. Nikabaki nimesimama kwenye vumbi nikijipongeza.

Jioni, kabla ya darasa, mwenzangu mmoja wa maturubai alikuwa ananawa mikono. Akaniuliza, "Uliongea nini na yule jamaa wa lori jeupe?"

"Nimempa mzigo wa Mwalimu apeleke Dar."

"Dar gani? Yule anaenda Kongo. Wamemkuta karatasi haina sahihi, wamemrudisha mwisho wa foleni. Kageuza aende akapange upya."

Nilimwambia ananitania. Akaniambia, "Osea, lina turubai. Wa kurudi anabeba shaba, shaba nani anaifunika? Na turubai lile umelifunga wewe mwenyewe juzi."

Kweli. Nilikuwa nimelifunga mimi, mafundo yote kumi na nane, na nilipokuwa nakimbia sambamba nalo mafundo hayo yalikuwa usoni pangu. Niliona pua tu. Nilikimbia mpaka Mpemba, kilomita chache nje ya mji, ambako mwisho wa foleni ulikuwa umefika, nikapita lori moja baada ya jingine. Malori meupe yalikuwa mengi kama mchele. Nilipanda ngazi za watu nisiowajua, nilitukanwa kwa lugha sita, mbili kati yake sidhani kama zipo. Jumatano nikaendelea. Jumatano jioni mlinzi mmoja akaniambia kundi zima la malori ya Kongo liliruhusiwa kupita alfajiri. Nikakaa chini kando ya lami. Nilijua maana yake: Mwalimu hatakuwa mwandishi, na sababu ni mimi.

Nilipanga kutoroka. Nina binamu Kapiri, ndani ya Zambia, ningepotelea huko. Alhamisi mchana nilikuwa nakunja shati langu la pili Mama Sifa alipoingia chumbani kwangu bila hodi.

"Unakwenda wapi?"

Nikamweleza yote. Kisha akachukua lile shati, akalikunjua, akalitundika msumarini.

"Mimi nikiunguza chakula cha watu ishirini, nakimbilia Kapiri? Nasimama mlangoni nawaambia, jamani kimeungua. Vaa viatu."

Jioni ile nikasema mbele ya darasa zima, nimesimama chini ya picha ya kuku. Nilisema kwa kifupi kuliko nilivyowahi kusema jambo lolote maishani. Mwalimu alikuwa ameshika chaki. Aliitazama ile chaki, akaiweka kwenye ukingo wa ubao, akasema, "Kaa, Osea." Nikakaa. Kisha akasema siwezi kuiandika tena, siku zilizobaki hazitoshi na kichwani imeshatoka, mtu akishaandika jambo kichwa kinalifukuza. Akaanza kuandika ubaoni kanuni ya eneo la duara. Alikuwa amefika nusu ya duara Mzee Halinga aliponyoosha kidole.

"Ndiyo baba."

"Ilianza asubuhi, kuna ukungu. Bata anatoka chini ya meza ya muuza vocha."

"Mezani kwa fundi viatu," akasema Mama Sifa.

"Vocha."

"Mzee, nilikuwa macho, wewe ulikuwa unakuna goti. Fundi viatu, ana redio haina kifuniko."

Mwalimu aligeuka. "Redio sikuandika."

"Basi ulisahau," Mama Sifa alimwambia. "Ilikuwepo."

Ndivyo tulivyoanza. Mimi nilidhani ni huruma, itaisha siku hiyo hiyo. Lakini Ijumaa Mwalimu alichelewa, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na hatukumsubiri. Alipofika mlangoni alimkuta Mzee Halinga, baba wa watu wanane na mzee wa kanisa, amesimama juu ya dawati la darasa la pili akitembea kama bata anayeangalia kama askari wamelala. Mwalimu alisimama pale na mfuko wake begani, hakuingia. Tukasita. Mzee akaanza kushuka. "Usishuke, baba," alisema. Akaja akakaa nyuma kabisa, kwenye dawati la pembeni, akausukuma mfuko chini ya kiti, akatoa daftari jipya na kuanza kuandika.

Tulifanya hivyo kila jioni, Jumapili ikiwemo baada ya ibada. Tabu wa Mwalimu alikuwa analia sana. Wa Mama Sifa halii, anauma midomo na kuuliza bei. Mzee Halinga akaleta ofisa wa forodha mstaafu anayelikalia yai kwa bahati mbaya. Na mimi, niliyeambiwa nisiseme kitu wiki nzima kama adhabu, nikashindwa kuvumilia. Bata alikuwa amekamatwa mpakani kwa kukosa karatasi, hatujui atatokaje. Nikasema, "Si wamgongee muhuri? Chini ya bawa. Wa zambarau." Darasa lilicheka mpaka mlinzi wa shule akaja na tochi. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani akaifuta kwa kanga. Hakuweka nukta hata moja usiku ule, nilimchungulia.

Mama Sifa ndiye aliyelipeleka daftari Dar, kwa basi, amelikalia njia nzima. Lilifika siku moja kabla ya mwezi kuisha. Mhariri alilipokea, na "Bata wa Nchi Mbili" kikatoka mwaka uliofuata, na kwa kitabu hicho Mwalimu akawa yule wanayemjua watu. Mimi nikafanya mtihani, nikafaulu kwa alama ambazo sitaki kuzitaja nisije nikaonekana najigamba. Lakini kabla kitabu hakijatoka, kabla hata mhariri hajajibu, moyo wangu ulikuwa bado umefungwa kamba. Yale madaftari manne yalikuwa wapi? Nilimuuliza kila dereva na kila utingo aliyetoka Kongo. Nilimsimulia hadithi nzima, bata, Tabu, yai na muhuri, ili nimsaidie kukumbuka kama ameyaona. Mmoja wao, Chanda, utingo mchangamfu aliyekula kwa Mama Sifa kila akipita, alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akaanza na salamu yake ya Kibemba kama kawaida, "Mulishani, kaka, hiyo si ndiyo ile ya kule kwetu?" Na akanieleza habari za mji wa bata wenye mihuri. Tangu siku hiyo nililala usingizi.

Kwa hiyo mwezi uliopita, pale Nanyala, chakula kilipoisha na wale watoto wa jirani wakaja kukaa kwenye mkeka, niliwasimulia. Nilikuwa katika hali nzuri. Niliwaambia mji wenyewe siku hizi una trafiki wa bata. Watoto walikuwa wamefungua midomo, Mama Sifa anacheka akijifuta machozi, na Mwalimu ananisikiliza, mkono shavuni. Watoto walipotoka kwenda kugongeana mihuri kwa matope, alinisogezea kikombe cha kahawa.

"Osea, baba. Hivi unaiamini hiyo habari?"

"Mwalimu, Chanda aliiona kwa macho yake."

"Madaftari uliyoyapoteza hayakuwa na muhuri. Muhuri uliuleta wewe, darasani, baadaye."

Nilikizungusha kikombe mkononi.

"Huyo Chanda ulimpa nini?"

"Chapati mbili."

"Haya."

"Sasa kule Kongo walisoma nini?"

"Hawakusoma kitu. Dereva aliniletea shuleni ile Ijumaa mchana. Wenzake walipopita alfajiri ile yeye alibaki foleni, karatasi bado haina sahihi, akaona jina langu upande wa pili wa salfeti. Nilikuja nalo darasani niwaambie, ndiyo maana nilichelewa. Nikamkuta marehemu Mzee Halinga yuko juu ya dawati." Alikunywa kahawa yake. "Mimi nilikuwa nimeiandika miaka mitatu, na haikuwahi kumsimamisha mtu."

Mama Sifa alikuwa anatazama vidole vyake. Nikaelewa kwamba naye alijua. Nilimuuliza Mwalimu kwa nini hakuniambia hata mimi peke yangu, pembeni, miaka yote hii.

"Ulikuwa mtoro. Tangu siku ile hukukosa kipindi. Nikasema nisubiri umalize mtihani. Ukamaliza, nikaja mpaka maegesho kukuambia, nikakuta unawasimulia watu bata wa Kongo. Umepanda juu ya tairi. Nikarudi."

Nje watoto walikuwa wanabishana bawa la kushoto ni lipi. Nilijikuta bado nautafuta ule mji wangu, hata kona yake tu.

"Lakini yalivuka kidogo, Mwalimu? Hata Nakonde?"

"Hayakuvuka," alisema. "Yalifika Mpemba."